Ugumu Huu Una Mwenyewe: hotuba juu ya mchezo wa Simba wa 1994

Hotuba hii ilitolewa hapa Lubumbashi mbele ya vijana na wazazi wao. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Bapapa na bamama, bayaya, bandugu, na ninyi watoto mliokaa chini hapa mbele kwa sababu viti vimekwisha: jambo yenu! Aksanti sana kwa kuja na jua hili la Oktoba.

Tumekutana kwa ajili ya mchezo wa televizyo wa zamani. Ulitoka mwaka 1994, mwaka uleule wa filamu ya katuni ya The Lion King, na jina lao ni moja. Ulitengenezwa kwa mashine za Super Nintendo na Mega Drive, kisha ukapelekwa kwenye nyingine. Hapa kwetu watu wanauita Simba tu, na sisi tutauita hivyohivyo.

Kabla ya yote, swali. Nani hapa amewahi kuumaliza? Mkono juu. Mmoja, wawili. Haya. Na nani amewahi kukwama kwenye nivo ya pili, pale kwa tumbili? Ah! Sasa naona msitu wa mikono. Hata papa mmoja pale nyuma ameinua.

Basi ninyi wa msitu huo, hotuba ni yenu. Mlijilaumu bure. Mlidhani vidole vyenu ni vizito, au maneti, kile cha kuchezea mnachoshika mkononi, imekufa, au kaka yenu ana akili kuliko ninyi. Hapana. Ugumu ule uliwekwa. Uliwekwa na watu, kwa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa pesa.

Lakini tuanze na majina, maana hapo sisi tunapata kitu ambacho mtoto wa Marekani hakukipata. Yeye alisikia Simba, Rafiki, Sarabi, Shenzi, Pumbaa, akadhani ni majina matupu. Mtoto wa Katuba, hapa mjini kwetu, anasikia maana. Simba ni simba. Rafiki ni rafiki. Sarabi ni yale maji ya uongo unayoyaona mbele ya barabara wakati wa jua kali, ukifika hayapo. Fisi anaitwa Shenzi: hapo hakuna haja ya kuuliza tabia yake. Na Pumbaa amepumbaa. Sasa hakuna matata... bandugu, nchi yetu ilikuwa na Waziri Mkuu Matata Ponyo kuanzia 2012 mpaka 2016. Ile miaka minne mtu wa Kongo hakuweza kusema hakuna Matata. Alikuwepo!

Majina ni ya kwetu. Mchezo wenyewe ulitengenezwa mbali sana na savana, kule Las Vegas, katika jangwa la Marekani, na studio ya Westwood. Studio hiyo ilianzishwa mwaka 1985 na Brett Sperry na Louis Castle. Kampuni iliyouza mchezo ni Virgin Interactive. Umbali huo unaonekana ndani ya mchezo: kwenye nivo ya sita, ile ya Hakuna Matata, Simba anapigana na gorila anayemrushia nazi. Simba na gorila! Watu wa Bukavu, wenye Kahuzi-Biega karibu yao, watatuambia lini walimwona simba akipanda kumsalimia gorila.

Sasa twende kwa tumbili.

Nivo ya kwanza ni ya upole. Simba ni mdogo, anatembea kwenye majani, anarukia mijusi na wadudu. Anakutana na nungunungu mwenye miiba: ukimrukia hivihivi unaumia. Unamngurumia kwanza, anapinduka tumbo juu, ndipo unamrukia. Mwisho kabisa anakungoja fisi. Mtoto asiyejua anamrukia fisi akiwa na nguvu, anaumwa, anakufa, anaanza kulia. Fisi yule ana zamu. Anashambulia, anashambulia tena, kisha anachoka, anasimama kuhema. Akihema, ruka juu yake. Akimaliza kuhema, kimbia. Unarudia hivyo mpaka aanguke. Tazama kifua cha fisi, usitazame meno.

Mmeona nivo hiyo inavyofundisha? Nungunungu anakufundisha kunguruma. Fisi anakufundisha kungoja. Ni mwalimu mzuri. Halafu unaingia nivo ya pili, na mwalimu anakimbia darasa.

Nivo ya pili imepewa jina la ule wimbo wa Simba mdogo anayeona ufalme unachelewa. Rangi nyingi, muziki wa furaha, twiga wamesimama majini, na tumbili kwenye miti. Tumbili wanakushika na kukurusha, huyu anakupa kwa yule, yule kwa mwingine, na ukifika mwisho wa mnyororo unajikuta palepale ulipoanza. Unajaribu tena. Palepale. Unaruka kwa nguvu zaidi. Palepale! Filamu haikusaidii, maana katika filamu hakuna fumbo hilo. Watu wengi duniani waliishia hapo, wakazima mashine, na kaseti ya mchezo ikarudi kwenye boksi.

Kwa nini? Sikilizeni kisa hiki, kimesimuliwa na Louis Castle mwenyewe miaka mingi baadaye. Wakati ule Marekani kulikuwa na maduka ya kukodisha kaseti. Mtu anachukua mchezo Ijumaa, anarudisha Jumapili. Disney, kampuni yenye ile filamu, ilikuwa imeona kwamba mtoto akifika mbali sana katika siku hizo mbili tatu, wazazi hawanunui tena. Kwa nini wanunue kitu ambacho mtoto amekwisha kukila? Kwa hiyo wakataka mchezo usimruhusu mchezaji kupita sehemu fulani ndani ya muda wa kukodi. Mchezo ulikuwa karibu umekwisha. Kutengeneza nivo mpya hakuwezekani. Kilichowezekana ni kukaza zile za mwanzo. Tumbili wakakazwa.

Mnaelewa? Mtoto alikuwa anapigana na hesabu ya duka, na alidhani anapigana na tumbili.

Kuna watu wanaosema ugumu ule ndio uliowajenga watoto wa zamani, na watoto wa leo ni laini. Hatukubali. Ugumu wa fisi unajenga, kwa sababu jibu liko mbele ya macho yako, unahitaji subira tu. Ugumu wa tumbili ni kufuli. Mtu akishinda kufuli amepata njia, lakini kufuli halikumfundisha kitu.

Na njia yenyewe ni hii. Tumbili fulani ukimngurumia anageuka, anaangalia upande mwingine, na kuanzia hapo anakurusha upande huo. Ndiyo siri yote. Jiache urushwe mara moja bila kunguruma, utazame mnyororo unavyokwenda na ni nani aliyekurudisha nyuma. Shuka, simama karibu na huyo, subiri mstari wa kunguruma, ule unaoonyesha nguvu ya sauti ya Simba, ujae, mngurumie. Mmoja tu! Kisha urushwe tena, utazame. Kosa la watu ni kunguruma ovyo: wanageuza wawili watatu kwa mara moja, halafu hawajui tena nani alikuwa sawa. Kosa la pili ni kunguruma wakati mstari haujajaa, kisha wanadhani njia ni ya uongo.

Katikati ya nivo hiyo Simba anapanda mbuni, na mbuni hasimami. Faru akitokea chini, ruka. Kiota kikitokea juu, inama. Vikitokea pamoja, ruka, na ukiwa hewani ruka tena. Mpangilio haubadiliki hata siku moja, kwa hiyo sema kwa mdomo kama wimbo: ruka, inama, ruka, inama. Mdomo unakumbuka kuliko vidole.

Ukichoka kabisa na una Super Nintendo, ingia kwenye ukurasa wa machaguo, bonyeza B, A, R, R, Y, yaani jina Barry. Inatokea orodha ya siri, unachagua nivo unayotaka. Wazee wa mchezo watanuna. Wanune. Kaseti hii haihifadhi kitu: ukizima, unaanza mwanzo. Na mahali ambapo delestaji inakuja bila kupiga hodi, kumwambia mtoto aanze mwanzo kila umeme ukikatika, huo si mchezo tena, ni adhabu.

Nivo za katikati zinakwenda. Makaburi ya tembo, fisi tena. Kisha ile ya nyumbu, ambapo Simba anakimbilia upande wako wewe unayetazama na kundi zima liko mgongoni mwake. Hapo ni kushoto, kulia, na kuruka mawe, basi. Kuanzia nivo ya saba Simba ni mkubwa. Ana kucha, na ana jambo jipya: akiwa karibu sana na adui anaweza kumshika na kumtupa. Kumbukeni neno hilo. Kumtupa.

Kwa sababu kwenye nivo ya kumi, juu ya mwamba, unakutana na Scar, yule simba adui wa filamu. Unampiga. Anapiga. Unampiga tena. Dakika tano, dakika kumi, dakika ishirini, na Scar hafi. Watu waliofika hapo, wachache hao waliowashinda tumbili, wengine walisema kaseti imeharibika. Haijaharibika. Scar hafi kwa kucha. Nani hapa ameona filamu? Scar alishindwaje? Simba alimtupa kutoka juu ya mwamba! Jibu lilikuwa kwenye filamu tangu mwanzo. Unampiga mpaka achoke, unamvuta mpaka kwenye ukingo, unamtupa. Ukimtupa katikati ya mwamba atasimama tena, na utaanza kumchosha upya.

Hapo sisi tunavua kofia. Fumbo la Scar na fumbo la tumbili yote mawili yanakatisha tamaa, lakini la Scar ni la haki: aliyeitazama hadithi vizuri amekwisha kupewa ufunguo.

Sasa mashine, maana tunajua bamama wengine hapa wana boksi la zamani juu ya kabati, na kijana anasema, "Mama, haiwaki tena."

Tuanze na umeme, ndio muuaji wa kwanza. Umeme wetu ni volti 220. Mashine iliyotoka Japani ina adapta ya volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka ukutani hapa moja kwa moja, waya za transfo ndani ya adapta zinaungua. Unasikia harufu, na kwa bahati mbaya ukisikia harufu umekwisha kuchelewa. Kwa bahati nzuri mara nyingi inayokufa ni adapta tu. Lakini msikimbilie kununua adapta yoyote sokoni kwa sababu tundu linaingia! Super Nintendo ya Marekani inataka volti 10 za mkondo wa moja kwa moja. Ya Ulaya inataka volti 9 za mkondo geu. Mega Drive ya kwanza inataka hasi katikati ya plagi, Mega Drive ya pili inataka chanya katikati. Geuza hiyo, na unapeleka umeme kinyume. Geuzeni mashine tumbo juu, msome kibandiko, muandike kwenye karatasi, ndipo muende kwa fundi. Na stabilizeta iwepo, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi na hasira. Ukikatika, chomoa. Usingoje.

Umeme uko sawa na bado kioo ni cheusi? Hapo ni kaseti. Vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, linaingia kila mahali. Na mnafanya nini? Mnapuliza. Fuu! Kila mtu anapuliza. Acheni kupuliza. Mate yana unyevu, unyevu unakula yale meno ya shaba, leo inawaka, baada ya mwaka haiwaki tena. Chukueni pamba ya masikio, alkoholi ya duka la dawa ya nyuzi 90. Ile ya 70 ina maji mengi. Lowesha kidogo, futa meno ya kaseti pande zote mbili, kutoka ndani kwenda nje, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Ngoja dakika kumi ikauke. Mwenye bisibisi maalumu ya milimita 3.8 anaweza kuifungua kabisa. Na kaseti ukiona imefungwa kwa skrubu za kawaida za msalaba, shuku kwamba si ya kiwandani.

Picha inakuja lakini nyeusi na nyeupe? Mashine haina ugonjwa. Inazungumza lugha ya rangi ambayo televizyo haiijui: moja ni ya Marekani, nyingine ya Ulaya. Tafuta kebo ya Peritel kama mashine na televizyo zinaikubali, maana yenyewe inapeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake.

Kuna na swali ambalo vijana wanauliza sana: kwa nini Simba wa kaseti ya Ulaya anaonekana mzito? Mashine za Ulaya zinachora picha 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani 60. Michezo mingi ya wakati ule haikurekebishwa, ikawa inatembea pole kwa sehemu moja katika sita, muziki pia. Lakini uzito mwingine ni wa televizyo bapa. Zile nzito za kioo cha zamani zinaonyesha picha papo hapo. Bapa inachukua muda kupamba picha kwanza. Ikichukua sekunde moja ya kumi, picha sita zimekwisha kupita. Faru wa mbuni amekwisha kukugonga kabla hujamwona. Ingia kwenye mipangilio, tafuta hali ya mchezo, iwashe. Usipoipata, zima vyote vinavyosema vinaboresha picha.

Neno moja kwa wanunuzi: kuna kaseti ya Simba ya Nintendo ile ya kwanza, iliyouzwa Ulaya. Hadithi yake inakatikia Hakuna Matata. Scar hayumo. Usilipe bei ya hadithi nzima. Asiye na mashine ya zamani anaweza kutafuta mkusanyo uliotoka Oktoba 2019 wa Aladdin na Simba kwa mashine mpya na kompyuta: una kurudisha nyuma sekunde ukikosea, una kuhifadhi mahali ulipofika. Baada ya miaka 25, kufuli la duka lilifunguliwa na wenye duka wenyewe.

Namalizia na ninyi mnaosoma mambo ya kompyuta, mnaotaka kutengeneza michezo hapahapa. Visa viwili.

Cha kwanza, Aladdin, 1993. Filamu moja, michezo miwili mwaka mmoja. Wa Mega Drive, timu ya David Perry ilipewa michoro ya wachoraji wa Disney waliochora kwa penseli juu ya karatasi, ikaingizwa kwenye mashine yenye rangi 64 tu kwa mara moja kwenye kioo. Aladdin ana upanga. Wa Super Nintendo ulitengenezwa na Capcom huko Japani, mbunifu wake Shinji Mikami: upanga hakuna, kijana anaruka juu ya vichwa vya maadui na kurusha tufaha. Yupi ni mzuri? Watu wanagombana mpaka leo. Lakini oneni: hakuna aliyeiga filamu. Kila mmoja alijiuliza kwanza kidole cha mchezaji kitafanya nini, kisha akachora. Ninyi mnaanza na kuchora.

Cha pili, Krismasi ya 1994. Disney ilitoa kitabu cha hadithi cha Simba kwa kompyuta za Windows. Si mchezo wetu, ni ndugu yake. Kilitegemea sehemu ya Microsoft iitwayo WinG. Wazazi wakanunua kompyuta za Compaq Presario, watoto wakaweka diski asubuhi ya sikukuu, na kompyuta zikaanguka, kwa sababu kilikuwa hakijajaribiwa na kadi za picha zilizokuwa ndani yake. Simu za Disney zikajaa kilio cha watoto. Aibu hiyo hutajwa kati ya sababu zilizoisukuma Microsoft kutengeneza DirectX, programu ya kusaidia michezo kwenye Windows, mwaka uliofuata. Kwa hiyo vijana, mchezo wako ulioujaribu kwenye kompyuta nzuri ya rafiki yako bado hujaujaribu. Ujaribu kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyo mkononi mwa muuza unite za simu pale kona, yenye kioo kilichopasuka na betri ya asilimia kumi na tano. Akikwama, usimcheke. Simama nyuma yake, ufunge mdomo, uandike ni wapi amekwama. Kisha ujiulize: hapa nimeweka fisi, au nimeweka tumbili?

Haya. Umeme upo kwa sasa, tusiuchezee. Adapta iko kwenye stabilizeta, kaseti imefutwa, televizyo ni ile nzito ya kioo. Wewe wa shati la njano, ndiyo wewe, njoo ukae. Shika maneti. Nungunungu kwanza mngurumie. Na ninyi wakubwa mnaojua njia ya miti, akifika kwa tumbili mwacheni ageuze mwenyewe, mmoja mmoja.